Chake Chake na Kura Moja ya Januari 1961

Mji wa Chake Chake, kisiwani Pemba, umekaa juu ya mwinuko, na chini yake hori ya bahari inaingia kutoka magharibi mpaka inaishia kwenye mikoko. Anayekwenda huko kutafuta mambo ya kale huonyeshwa ngome ya mjini, huvushwa kwa mashua hadi magofu ya Ras Mkumbuu, au hupelekwa Pujini kwa Mkama Ndume, mtawala ambaye Wapemba husimulia kuwa aliwabebesha watu mawe ya kujengea huku wakijiburura kwa makalio. Yote yanastahili safari. Lakini jambo zito kuliko yote lililoupata mji huu katika karne ya 20 halikuacha hata jiwe: ilikuwa ni hesabu ya kura.

Tarehe 17 Januari 1961 Unguja na Pemba zilipiga kura kujaza viti 22 vya Baraza la Kutunga Sheria. Chama cha ASP cha Abeid Karume kilipata 10, Hizbu (ZNP) ya kina Ali Muhsin 9, na ZPPP ya Mohammed Shamte 3. Miongoni mwa vile 10 vya ASP kilikuwamo cha Chake Chake, nacho kilipatikana kwa kura moja. Turufu ikabaki mikononi mwa wale watatu wa ZPPP, na wao wenyewe wakagawanyika: wawili wakaenda na Hizbu, mmoja, Ali Sharif, akaenda na ASP. Ikawa 11 kwa 11. Waingereza wakaunda serikali ya muda, wakatangaza kwamba watu watarudi vituoni Juni.

Kura hii ya Chake Chake hutajwa mara nyingi kama kichekesho cha historia. Mimi naiona nzito zaidi ya hapo. Tuseme mtu mmoja wa upande wa ASP angeamka na homa siku ile, na mwingine akakosea kuweka alama. Kiti kingekwenda upande wa pili, na hata kwa mgawanyiko uleule wa ZPPP hesabu ingesoma 12 kwa 10. Serikali ya Hizbu na ZPPP ingeundwa Januari ileile, wala uchaguzi wa Juni usingekuwapo. Basi ushindi wa ASP katika mji huu haukuipa serikali. Uliwapa Wazanzibari uchaguzi mwingine ndani ya miezi mitano, na huo ndio uliomwaga damu.

Kwa nini mambo yalibana hivyo Pemba, wakati Unguja ASP ilikuwa ikishinda majimbo yake kwa mbali? Sababu iko mashambani. Unguja, mashamba makubwa ya karafuu yalikuwa ya wachache, na palizi ilifanywa na watu waliokaa humo bila kumiliki ardhi, wengi wao wenye asili ya bara. Walipanda muhogo wao kati ya mikarafuu, nao wakimpalilia mwenye shamba. Pemba, kisiwa kilichotoa sehemu kubwa ya karafuu zote, mikarafuu ilienea zaidi mikononi mwa watu: Mshirazi alikuwa nayo, Mwarabu alikuwa nayo, na kwa kuoleana haikuwa rahisi siku zote kusema huyu ni nani. Kampeni iliyojengwa juu ya ugomvi wa mwenye shamba na mpalizi haikushika Pemba kama ilivyoshika Unguja. ASP ikarundika kura nyingi mno kwenye majimbo ambayo ingeyashinda vyovyote, na huko Pemba ikawa inakosa majimbo kwa kura ambazo hazikutosha.

Wazee wa visiwani miaka ile huiita zama za siasa, na ukisikia jina hilo usidhani wanazungumzia mikutano ya hadhara peke yake. Siasa iliingia nyumbani. Baada ya uchaguzi wa kwanza wa 1957, ule ambao Karume alimshinda Ali Muhsin huko Ng'ambo na Hizbu ikatoka bila kiti, kuna wenye mashamba waliowafukuza wapalizi wanaoishabikia ASP. Upande wa pili ukajibu kwa kususia maduka. Watu wakawa wanaulizana chama kabla ya kununua kibaba cha mchele. Watu waliacha kuzikana. Kwa jamii ambayo hata hasimu wako humfuata kaburini ukamtupia mchanga, hilo ni jambo kubwa kuliko kiti chochote cha Baraza, na naona ndipo mambo yalipoharibika.

Tarehe 1 Juni 1961 foleni zilipangwa tena, wanawake wakiwamo, ambao 1957 hawakuwa na kura. Vurugu zilianzia mjini Unguja siku hiyohiyo, zikahamia mashamba siku zilizofuata. Waliouawa walikuwa 68, Waarabu kwa wingi, na wengi wao walikuwa watu wa mashamba wasio na cheo wala mali ya kutisha. Pemba, ambako ushindani ulikuwa mkali kuliko kwingine, ilikaa shwari. Na matokeo? Safari hii viti vilikuwa 23: ASP 10, Hizbu 10, ZPPP 3. Watatu wa ZPPP safari hii walisimama pamoja na Hizbu, Shamte akawa Waziri Kiongozi. ASP, iliyokaribia nusu ya kura zote, ikakaa upinzani.

Julai 1963 hesabu ilijirudia kwa namna mbaya zaidi. ASP ilipata asilimia 54 ya kura na viti 13 kati ya 31. Hizbu 12, ZPPP 6. Kwa sheria ya majimbo hapakuwa na kosa, na serikali ya Shamte ndiyo iliyopokea uhuru tarehe 10 Desemba. Si hesabu ya kura peke yake iliyoipindua: polisi wa zamani waliokuwa wameondolewa kazini, vijana wa mjini wasio na ajira na chuki ya zama za siasa vilichangia. Siku 33 baada ya bendera kupandishwa, tarehe 12 Januari 1964, serikali hiyo ikaanguka.

Baada ya hapo visiwa havikuona uchaguzi wa vyama vingi mpaka Oktoba 1995. Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi wa urais kwa asilimia 50.2, Seif Sharif Hamad wa CUF akiwa na 49.8. Katika Baraza la Wawakilishi CCM ilipata majimbo 26, CUF 24. Majimbo yote 21 ya Pemba, ya Chake Chake yakiwamo, yalikwenda CUF.