Jeni iliyonyamazishwa: Kwa nini selimundu huchelewa kujitokeza kwa mtoto

MTOTO aliyezaliwa na selimundu katika kijiji cha Kolo, wilayani Kondoa mkoani Dodoma, hatofautiani kwa macho na mwenzake mzima katika miezi ya kwanza ya uhai wake. Maumivu, uvimbe wa vidole na upungufu wa damu kwa kawaida huanza baada ya miezi sita hivi.

Kinachomkinga ni himoglobini ya mimba, aliyoitumia tumboni. Hiyo huzuia himoglobini yenye kasoro isishikamane na kuzipinda seli nyekundu za damu ziwe na umbo la mundu. Daktari Janet Watson wa New York alibaini mwaka 1948 kuwa watoto wachanga wenye ugonjwa huu walikuwa na seli chache zilizopinda.

Jeni za himoglobini hiyo hazipotei. Zimo katika kromosomu ya 11 hadi mtu anazikwa, ila baada ya kuzaliwa hunyamazishwa. Ndani ya seli, uzi wa DNA umezungushwa juu ya protini ziitwazo histoni, na mkusanyiko huo ndio kromatini. Palipolegea husomwa, palipokazwa hapasomeki. Vimeng'enya hubandika mwanzoni mwa jeni alama ndogo za kikemikali, methili. Alama hizo, pamoja na protini iitwayo BCL11A, hulivuta kundi la protini la NuRD, nalo huzisogeza histoni na kuziondolea alama za asetili, kromatini ikajifunga. Maandishi ya jeni yenyewe hayabadiliki hata herufi moja.

Kilichofungwa basi chaweza kufunguliwa. Mwaka 1982 nyani waliopewa azasitidini, dawa inayozuia alama za methili, walianza tena kutengeneza himoglobini ya mimba, lakini hofu ya sumu yake iliwarudisha watafiti nyuma. Haidroksiyurea, ambayo nayo huiongeza himoglobini hiyo, ni vidonge vya kumeza. Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha Casgevy, tiba inayoipunguza BCL11A kwa kuhariri jeni katika seli za uloto. Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, fedha ambazo mkulima wa Kondoa hawezi hata kuziwaza.

Tanzania hukadiriwa kupata watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Mwaka huo huo wa 2023, Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma ilianza kuwapandikiza uloto watoto wenye ugonjwa huo, uloto unaotolewa na ndugu anayewiana na mgonjwa.