Kabla ya Warumi 13 Kuna Warumi 12

Miaka michache iliyopita, katika semina ya jioni kuhusu maadili ya utumishi wa umma, mjadala wetu ulifika mahali pagumu. Tulikuwa tukimzungumzia ofisa wa kufikirika aliyetakiwa kusaini hati ya kuwahamisha wakazi wa eneo fulani bila fidia, ilhali anajua kwamba utaratibu wa kisheria umerukwa. Mwanafunzi mmoja, mtu mzima mwenye uzoefu wa miaka mingi katika halmashauri, aliinua mkono akatamka kwa utulivu: "Warumi 13, mstari wa 1." Hakuongeza neno. Darasa likanyamaza, kana kwamba hukumu imekwisha kusomwa.

Mimi si mchungaji wala mwanateolojia. Kazi yangu ni historia. Lililonishtua si kwamba Biblia ililetwa darasani, maana watumishi wetu wengi huenda nayo ofisini kila siku, wakiri au wasikiri. Lililonishtua ni ule mkato. Nikamwuliza, "Na sura ya 12 inasema nini?" Hakukumbuka. Nikiri pia kwamba hata mimi sikukumbuka vizuri.

Nilipofika nyumbani nikaisoma. Sura ya 12 inamalizika kwa kuwataka wasomaji wasilipe ovu kwa ovu, na wamlishe adui mwenye njaa. Kisha inakuja mistari saba kuhusu wenye mamlaka, na papo hapo, katika mstari wa 8, barua inarudi kwenye deni moja lisilokwisha kulipwa: kumpenda jirani. Mamlaka, basi, yamewekwa katikati ya adui anayelishwa na jirani anayependwa. Anayeinyofoa ile mistari saba na kuibandika ukutani anaweza kuwa amenukuu kwa usahihi kabisa, na bado akawa hajaisoma barua.

Paulo hakuandika namba yoyote. Mgawanyo wa sura tunaoutumia leo unahusishwa na Stephen Langton, aliyefundisha Paris kabla ya kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury mwanzoni mwa karne ya 13. (Mhadhiri mwenzangu, nani mwingine angehangaika kuweka namba?) Mistari ya Agano Jipya ilitiwa namba mwaka 1551 na mpiga chapa Mfaransa, Robert Estienne. Zilikuwa huduma njema, zikamwezesha msomaji kupapata haraka mahali anapopatafuta. Lakini ziliwezesha pia sentensi moja kusafiri peke yake, bila jamaa zake.

Wapo waliokwenda mbali zaidi ya kunukuu. Mwaka 1807, mwaka uleule ambao Bunge la Uingereza lilipiga marufuku biashara ya watumwa, kilichapwa London kitabu cha sehemu teule za Biblia kwa ajili ya watumwa Weusi wa visiwa vya Karibi vilivyotawaliwa na Waingereza. Biblia ya Kiprotestanti ina sura 1,189. Kitabu kile kilibakiza 232. Yusufu yumo, mtumwa mwaminifu katika nyumba ya bwana wake. Musa mbele ya Farao hayumo. Msomaji anatoka kwa Yusufu anaangukia mlima Sinai na zile amri, bila kuelezwa watu hawa wamefikaje jangwani na wamemkimbia nani. Agizo kwa watumwa kuwatii mabwana zao limebaki. Usemi wa Wagalatia 3 kwamba katika Kristo hakuna mtumwa wala huru umeondolewa. Sijui ushahidi ulio bora kuliko huu wa nguvu ya kusoma kwa mfululizo. Waliokata walijua vizuri kitakachotokea mtumwa akisoma fungu baada ya fungu, bila mtu wa kumrusha.

Karibu nasi, mfano wa kinyume ni Buganda. Huko wafuasi wa kwanza wa Kristo hawakuitwa kwanza Wakristo. Waliitwa wasomaji, jina ambalo Waislamu wa ikulu ya Kabaka walikuwa wamekwisha kulibeba kabla yao kwa kuisoma Kurani. Hata leo katika Kiganda kitenzi kusoma hubeba pia maana ya kwenda kusali. Kiswahili kilihusika tangu mwanzo: mwaka 1875 Henry Stanley alipoondoka kwa Kabaka Mutesa, alimwacha Dallington Maftaa, kijana aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa na misheni Zanzibar, ili aendelee kumsomea Kabaka Maandiko. Alexander Mackay alifika mwaka 1878 na baadaye akafungua mtambo mdogo wa chapa. Wasomaji walianza na karatasi za alfabeti, kisha sehemu za Maandiko, nyingi zikiwa za Kiswahili kilichofasiriwa Zanzibar, kabla Kiganda hakijapata vitabu vyake.

Mwaka 1881 mmoja wao, Sembera, alimwandikia Mackay akiomba ubatizo. Kalamu yake ilikuwa jani gumu la nyasi lililochongwa ncha, na wino wake wa kujitengenezea. Siku zote nimeona barua hiyo kuwa hati muhimu ya historia ya elimu katika kanda yetu: mtu mzima, asiye na cheti wala posho, amejifunza kuandika kwa sababu amesoma jambo akataka kulijibu.

Hali yao iliwalazimisha kusoma polepole. Mwenye karatasi mbili za Injili hana pa kurukia. Anazirudia mpaka zimwingie. Kiswahili cha Biblia humwita mfuasi wa Yesu mwanafunzi, na katika ua wa Kabaka neno hilo halikuwa tamathali. Nao uanafunzi ule ulikuwa na gharama. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu wa misheni ya Kianglikana waliuawa Busega. Tarehe 3 Juni 1886 wasomaji wa Kikatoliki na wa Kianglikana walichomwa pamoja Namugongo. Sikubaliani na wanaomchora Kabaka Mwanga kama jitu la hadithi. Alikuwa kijana aliyeona Wazungu wakiinyemelea nchi yake kutoka pwani, na hofu yake kuhusu hilo haikuwa ya uongo. Lakini alikosea kuhusu dawa. Mauaji hayakuwazuia wasomaji kumjia Mackay usiku, naye hakuacha kuchapa.

Hapa ningependa kunyamaza, maana ndipo wahubiri wengi hunyamaza. Historia haikunyamaza. Mwezi Januari 1892, pale Mengo, wasomaji wa upande wa Wafaransa na wa upande wa Waingereza walipigana kwa bunduki, wakigombea vyeo na ardhi, na kapteni Frederick Lugard akautumia mzinga wake wa Maxim kuamua nani ashinde. Sembera aliuawa katika mapigano hayo. Mtu yule wa kalamu ya nyasi alikufa akipigana na wasomaji wenzake. Kwa hiyo sitamdanganya mtu kwamba kusoma kwa mpangilio humfanya msomaji kuwa malaika. Humnyima udhuru tu: aliyepita taratibu katika Mathayo 5 hawezi kudai hakuambiwa kuhusu adui.

Pengine hilo ndilo waliloliona Waafrika Kusini karne moja baadaye. Mwezi Septemba 1985, katika hali ya hatari, wanateolojia na viongozi wa makanisa zaidi ya 150 walitia saini Waraka wa Kairos. Serikali ya ubaguzi wa rangi na makanisa yaliyoiunga mkono yalikuwa yakiitumia ileile Warumi 13 ambayo mwanafunzi wangu aliitaja. Waandishi wa Kairos hawakujibu kwa kutafuta mstari mwingine wenye ukali zaidi wa kurushiana. Walirudi kwenye fungu: Paulo anawaandikia akina nani, katika mazingira gani, na anapinga kosa lipi? Wakakumbusha pia kwamba kitabu hichohicho, katika Ufunuo 13, kinaichora dola iliyogeuka kuwa mnyama. Huo ulikuwa ubishi wa kisiasa wa kiwango cha juu, na silaha yake ilikuwa somo la Biblia lililofanywa kwa uvumilivu. Wanaharakati wetu wanaodhani Maandiko ni mali ya watawala wangefaidika kuusoma waraka ule.

Narudi kwa mwanafunzi wangu. Baada ya semina ile alinifuata akiwa na uso mzito, nikadhani amekasirika. Alitaka tusome barua yote. Tukaanza, watu saba, Jumatano baada ya kazi, fungu moja kwa jioni. Sheria ilikuwa moja: hakuna kuruka, na hakuna kutaja mstari wa mahali pengine mpaka tumekielewa kilicho mbele yetu. Sheria hiyo ilivunjwa sana, hasa na mimi. Sura za 9 hadi 11 zilituchosha, wawili wakaacha. Tulipofika sura ya 13 hapakuwa na mjadala mkubwa niliokuwa nimejiandaa nao. Alisoma yeye mwenyewe, toka 12:14 mpaka 13:10, bila kupumzika kwenye namba, kisha akafunga kitabu na kukaa kimya muda mrefu.

Sura ya mwisho ni orodha ya salamu, na nilipendekeza tuipite haraka. Walikataa, sheria ni sheria. Basi tukayasoma majina yote, kuanzia Fibi, mwanamke anayedhaniwa kuwa ndiye aliyeipeleka barua Roma, hadi wale wanaotuma salamu kutoka upande wa mwandishi. Karibu na mwisho, mstari wa 23, yumo Erasto, mtunza hazina wa mji. Mwanafunzi wangu aliweka kidole hapo. "Mwalimu," alisema, "kumbe alikuwepo mtu wa halmashauri." Akatoa kalamu, akalipigia mstari jina hilo, akauliza kama wiki ijayo tunaanza Wakorintho.