Kinyota cha Maris

Katika besiboli ya Marekani, kinyota, ile alama ndogo ya uchapaji, ni tuhuma. Mwaka 1961 Roger Maris wa New York Yankees alipiga mipira 61 ya kuvuka uzio, akaipita rekodi ya Babe Ruth ya 60, iliyowekwa 1927. Ila msimu wa Ruth ulikuwa wa mechi 154. Wa Maris, 162. Kamishna wa besiboli Ford Frick, aliyewahi kumwandikia Ruth makala, alikuwa ameshatangaza kwamba rekodi itakayovunjwa baada ya mechi ya 154 itofautishwe kwa alama. Mwandishi mmoja wa michezo akapendekeza kinyota, na neno hilo likamganda Maris hadi alipofariki mwaka 1985. Kinachoniuma ni kwamba kinyota chenyewe hakikuwahi kuchapwa: rekodi mbili ziliorodheshwa tu kando kwa kando, na mwaka 1991 utengano huo ukafutwa. Alidhulumiwa kwa neno tupu. Mchezaji Barry Bonds, aliyeandamwa na tuhuma za dawa za kuongeza nguvu, ndiye aliyepata kinyota halisi: mpira wake wa 756 wa kuvuka uzio katika maisha yake yote ya uchezaji, wa mwaka 2007, mnunuzi wake aliuchonga alama hiyo baada ya kura ya umma, kisha ukapelekwa makumbusho ya besiboli ya Cooperstown.