Bus ya bule: nani njo atalipa?

Wandugu, kila mara tukiongea habari ya usafiri wa bule, mtu anasema: "Hayo ni mambo ya Ulaya." Kweli, Luxembourg ilifuta tiketi ya bus na treni mu nchi nzima mwaka 2020, Etat inalipa na kodi. Lakini hapa Likasi tulikuwa na kitu cha karibu na hicho zamani sana, wakati mji ungali unaitwa Jadotville.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, Union Minière ilitaka mfanyakazi akae na familia yake, asirudi kijijini kila mara. Ikajenga makambi kando ya kazi. Nyumba, posho, hospitali, masomo ya watoto: vyote kampuni ilibeba. Mtu anatoka nyumbani na miguu, anafika kazini. Kwangu mimi, hiyo njo ilikuwa transport yenyewe: mtu alisogezwa karibu na kazi, na shaba ikalipa. Gécamines nayo ikafuata njia ileile.

Ila angalia nani hakuwemo. Mama wa Kikula anayeuza mboga, bwana yake si mtu wa kampuni, hakupata kitu. Na haikuwa haki, ilikuwa zawadi. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa karibu tani 470,000 za shaba. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka. Mwaka 2003 tani hazikufika hata 20,000, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka kwa ile "départ volontaire" (volontaire ya namna gani, wao wenyewe wanajua). Zawadi ikiisha, hakuna tribunal ya kuidai.

Sasa wanasema Etat haina makuta. Lakini kwa miaka mingi Etat imelipa kampuni za mafuta juu bei ya pompe isipande. Hiyo pia ni kodi yetu, na mwenye jeep mbili anafaidi kushinda mwanafunzi anayetembea na miguu.

Tena kuna Code minier ya 2018. Redevance imegawanywa: 50 % Etat, 25 % province, 10 % mfuko wa vizazi vijavyo, na 15 % inaenda ku ville, commune, secteur ao chefferie kwenye madini yanachimbwa. Ile 15 % njo ninaitaka. Si bus ya kila mtu leo, shaba inaweza kuanguka tena. Tuanze na wanafunzi, na asubuhi bus zenye nafasi ya mabeseni. Mimi ni agronome: mama anayelima nyanya pembeni ya mji, moto ikimukula faida, anauza palepale shambani kwa hasara.

Kwa hiyo, wenzetu mnaofanya kazi mu ma-bureau ya commune, mutuambie hapa: 15 % ya mwaka jana iliingia ngapi, na ilifanya nini?