Kunguru Aliyetumwa Kufagia

Kule Pwani anaitwa kurabu. Kwenye matangazo ya serikali anaandikwa kunguru wa India, na hapo ndipo uongo mdogo unapoingia, kwa sababu ukisikia jina hilo unamwona Mhindi fulani akishuka kwenye jahazi na ndege begani. Sivyo ilivyokuwa. Ndege huyu aliletwa Zanzibar miaka ya 1890, kisiwa kikiwa tayari chini ya ulinzi wa Waingereza, na kazi aliyoletewa ilikuwa moja tu: kula taka za mji. Kunguru hadai mshahara, hagomi, na hahitaji mkokoteni. Kwa karani anayehesabu rupia, hiyo ilikuwa akili sana.

Kufikia 1917 ameshakuwa kero, na watu wanalipwa wakileta mayai na makinda yake. Taka alikula, ndiyo, lakini hakuishia hapo. Anaingia kwenye viota vya chozi, kwera na shore, anabeba mayai, anabeba makinda, anarudi kesho yake. Anachukua vifaranga vya kuku uani. Anatembea kwa kundi na anakumbuka sura ya mtu aliyemtupia jiwe. Mjini Zanzibar ndege wadogo wakapungua hadi mtu anayetaka kuwapiga picha leo inabidi atoke nje ya mji. Mwaka 1947 kurabu akaandikwa Mombasa. Miaka ya 1990 Zanzibar ilifanya kampeni kubwa ya kumpunguza, ikafaulu kwa kiasi kikubwa, kisha hela zikaisha na yeye akarudi.

Sasa mtu wa Nairobi atauliza, hii inanihusu vipi?

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na ikafika hapa 1899. Miaka mitatu baadaye tauni ikaingia. Mwaka 1902 maafisa wakaamuru soko la Wahindi lichomwe, likateketea lote, bidhaa na vibanda. Mitaro haikuwepo ya maana, maji safi yalikuwa shida, watu walibanwa kwenye kipande kidogo cha ardhi tepetevu karibu na mto, halafu ugonjwa ulipokuja lawama ikawaangukia wao na tabia zao. Kule kisiwani uchafu ulitumiwa ndege, huku ukatumiwa moto. Mimi naona ni mkono mmoja uliofanya kazi zote mbili: tafuta njia ya bei rahisi, kisha baadaye lipe tatizo jina la mtu mwingine. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson alizunguka miji ya Afrika Mashariki kuchunguza afya, na pendekezo lake lililokumbukwa zaidi ni watu watenganishwe kwa rangi. Wazungu wakabaki na vilima na miti ya magharibi. River Road na mitaa ya upande huu ikabaki na Wahindi na Waafrika, na msongamano ambao mpaka leo unausikia ukifungua dirisha.

Hata habari za ndege ziligawanywa hivyohivyo. Arboretum ilianzishwa 1907 ili kujaribu miti ya kuni za treni. Mwaka 1909 maafisa na walowezi wakaunda chama cha historia ya viumbe cha Afrika Mashariki, hapahapa Nairobi, na ndege wa bustani zao wakaanza kuandikwa kwenye majarida. Nani alikuwa anaandika mwewe wa River Road? Kazi hiyo ilianza kufunguka kwa kila mtu baadaye sana, pale Fleur Ng'weno alipoanzisha matembezi ya ndege ya kila Jumatano asubuhi mwaka 1971. Wanakutana makumbusho. Kutoka kwangu ni kupita Globe, kupanda Museum Hill, basi. Hakuna anayekuuliza umesoma wapi. Unaazimwa darubini, unaonyeshwa.

Huko ndiko nilikojifunza kutofautisha kunguru. Yule wetu wa Nairobi, anayekalia nguzo za stima akisubiri hoteli itupe mabaki, ni mweusi mwenye kifua cheupe na kola nyeupe, kama ameenda mazishi na fulana. Huyo ni mwenyeji, usimwonee. Kurabu ni mwembamba kidogo, hana nyeupe popote, shingo na kifua ni kijivu cha majivu. Picha ya simu inatosha kabisa kuwatenganisha, hata ikiwa na ukungu. Kamera yangu ni ya mtumba na lenzi yake ina mkwaruzo, lakini kutoka juu ya paa nimeshapata mwewe akinyakua chapati mkononi mwa mtu, na marabou akitua taratibu kama mzee wa kijiji. Kurabu bado sijampata, na ningependa iendelee hivyo.

Maana ameshaanza safari. Ameonekana Voi, ameonekana Mtito Andei, na kila mji wa Mombasa Road unamwekea meza: vibanda, mabasi, lori, mabaki ya nyama choma. Mwisho wa meza hiyo ni Nairobi, yenye Dandora, jaa lililotangazwa kuwa limejaa tangu 2001 na bado linapokea. Juni 2024 shirika la wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuua kunguru hao milioni moja kabla mwaka huo haujaisha, kwa sumu iitwayo Starlicide inayowekwa kwenye chambo cha nyama. Wahifadhi wengi waliunga mkono, na nadhani walikuwa sahihi, ingawa sifurahii kuandika sentensi hiyo. Ndege huyu hakujileta. Lakini chozi aliyenyang'anywa mayai naye hakuandika barua ya kumwalika.

Kinachonikera ni kwamba sumu ina bajeti na taka haina. Kurabu anazaana kulingana na chakula, na chakula chake ni kile kanjo hawajazoa tangu Ijumaa. Ua elfu kumi leo, acha rundo pale nyuma ya stage, wengine watakuja kujaza nafasi.

Ila kuna jambo Zanzibar ya 1890 haikuwa nalo. Kuna ramani ya ndege wa Kenya, Kenya Bird Map, ambayo yeyote anaweza kuichangia kwa simu. Kurabu wawili wa kwanza wakitua mjini wanaweza kushughulikiwa. Wakishafika mia mbili, hadithi ni nyingine. Kwa hiyo ukiwa unangoja gari la usiku la Mombasa na uone kunguru mwenye shingo ya kijivu juu ya paa, mpige picha, andika saa na jina la mtaa, kisha itume kabla hujapanda.