Jioni ya Manda

Ukiondoka Makambako alfajiri unavaa koti. Njombe mjini, karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, hulivui. Ukishateremka Ludewa hadi Manda, shati limeshakuganda mgongoni, kwa sababu Ziwa Nyasa liko chini ya meta 500. Wengi wetu wa nyanda za juu tunalijua ziwa hili kwa usipa tu, ule wa kupimiwa kwa kopo sokoni.

Jioni moja tulishuka marafiki watano, tukakodi boti ya mvuvi. Tulipokaribia mahali Mto Ruhuhu unapomwaga maji ziwani, mzee alizima injini akashika kafi.

"Tusisogee zaidi, wanangu. Pale ni kwa viboko."

Tukaona masikio kwanza, halafu pua. Kwenye mti uliokauka alikaa furukombe, kichwa cheupe pe, tumbo la rangi ya kahawia. Alipolia alirudisha kichwa nyuma mpaka karibu kiguse mgongo. Chini yake mnandi alikuwa ametandaza mabawa, anayakausha. Hakuna aliyesema neno.

Zamani hakuna aliyepanda chombo hapa kwa ajili ya kutazama ndege. Wakisi wanaishi kwenye ukanda mwembamba wa mchanga, Milima ya Livingstone imewabana mgongoni, na mtumbwi ndio uliokuwa barabara yao. Vyungu vilivyofinyangwa na akina mama vilipakiwa humo kwenda kuuzwa. Mgonjwa naye alipita njia hiyohiyo. Ufundi wa kuongoza mtumbwi unastahili heshima kubwa kuliko unayopewa: upepo wa kusi ukichafuka, ziwa hili lina mawimbi ya baharini.

Meli ya kwanza ya mvuke, Ilala, ililetwa na wamisionari wa Kiskoti mwaka 1875. Wajerumani wakafuata miaka ya 1890 na meli yao, Hermann von Wissmann. Manda yenyewe wakaiita Wiedhafen. Nahodha wa baadaye wa meli hiyo ya Wajerumani, Berndt, alikuwa rafiki wa Rhoades, Mwingereza wa meli ya Guendolen. Wakikutana bandarini walikunywa pamoja. Agosti 1914 Rhoades alipata habari za vita mapema, akaenda Liuli, kusini ya Manda, akaipiga mizinga meli ya mwenzake ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Berndt hakuwa na habari ya vita. Alitoka kwa kiboti kidogo, amefura hasira, kumuuliza rafiki yake ana wazimu gani. Akachukuliwa mateka.

Baada ya uhuru zilikuja MV Songea na MV Iringa, zikitoka Itungi kwenda Mbamba Bay na kugusa vijiji vya pwani ya Ludewa. Mkoa wa Njombe ulipozaliwa mwaka 2012, ulipata ziwa lake, na mwaka 2017 meli ya mizigo iliyopewa jina hilo, MV Njombe, ikakamilika Itungi. Barabara nzuri ya kutuleta sisi wenye makoti ndiyo iliyochelewa kuliko vyote.

Jua lilizama upande wa Malawi, maji yakawa kama shaba. Mzee akatushusha mchangani, akapokea pesa yake bila kuihesabu. Kijana wake alikuwa anamsubiri na wavu na taa za usipa. Walipakia, wakasukuma boti ileile tuliyokalia, na muda si mrefu taa yao ikawa moja kati ya nyingi huko mbali.