Kiti cha Kuuliza na Kiti cha Kujibu

Lugha yetu ina neno kongwe kwa jambo ambalo siku hizi huitwa uwajibikaji. Neno hilo ni hesabu. Mtu aliyekabidhiwa mali ya wenziwe hana budi kutoa hesabu, na asiyeweza kuitoa hupungukiwa na heshima hata kama hakuiba kitu. Neno uwajibikaji ni jema, na shina lake ni wajibu. Walakini hutuelekeza zaidi katika dhamiri ya mtu mmoja. Hesabu hutaka watu wawili: mmoja aulize na mwingine ajibu. Kwa hiyo jina la Kamati ya Hesabu za Serikali, ambayo Bunge huitumia kuchunguza matumizi ya fedha za umma, linabeba maana kubwa kuliko tunavyodhani tunapolitamka.

Nia ya insha hii ni kuutazama uhusiano huo wa muulizaji na mjibu katika maisha ya watu wawili wa Mara. Mmoja ni Julius Kambarage Nyerere wa Butiama, aliyezaliwa mwaka 1922. Wa pili ni Joseph Sinde Warioba wa Bunda, aliyezaliwa mwaka 1940. Wote wawili walikaa katika viti vya kuuliza, na wote wawili walikaa katika viti vya kujibu. Nitajaribu kuonyesha kwamba wa kwanza alitufundisha thamani ya kiti cha kuuliza, kisha akashiriki kukidhoofisha. Na kwamba wa pili, baada ya kuyaona hayo yote, alipendekeza viti hivyo vitengwe kwa sheria.

Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika liliundwa mwaka 1926, na kwa miaka karibu ishirini halikuwa na Mwafrika hata mmoja. Mwaka 1945 waliingia wawili, Chifu Kidaha Makwaia wa Shinyanga na Chifu Abdiel Shangali wa Machame. Wajumbe hawa na waliowafuata waliteuliwa na Gavana. Mjumbe wa namna hiyo aliweza kuuliza, lakini aliuliza kwa hisani ya yule aliyempasa kujibu. Aidha, mazungumzo yote yaliendeshwa kwa Kiingereza, na watu wengi waliosemewa hawakuweza kuyafuata.

Nyerere, aliyesoma shule ya Mwisenge mjini Musoma kabla ya kwenda Tabora, Makerere na Edinburgh, aliingia katika Baraza hilo kwa muda mwaka 1954. Mwaka 1955 alikwenda kulieleza dai la TANU mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, kisha akaacha kazi ya ualimu huko Pugu. Mwaka 1957 Gavana Edward Twining alimteua tena, pamoja na Rashidi Kawawa. Wakati huo Serikali ilikuwa ikitayarisha uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, na haki ya kupiga kura ilitegemea elimu, cheo, au mapato ya pauni 150 kwa mwaka. Nyerere aliyapinga masharti haya na kutoa mapendekezo yake. Hayakukubaliwa. Mwezi Desemba 1957, baada ya miezi michache tu, alijiuzulu, akaeleza kwamba angewadanganya watu kama angeendelea kukaa mahali ambapo hoja zao hazikuwa na uzito.

Tendo hilo lastahili kutazamwa kwa makini. Mjumbe aliyeteuliwa hakuwa na kura za kuiangusha Serikali, wala hakuwa na kamati ya kuichunguza. Alichokuwa nacho ni kiti chake tu. Kukiacha kulikuwa kuwaambia watu wa nje kwamba swali limeulizwa na jibu halikutolewa. Hiyo ndiyo silaha ya mwisho ya muulizaji asiye na nguvu nyingine, nayo haifai kutumiwa kila siku.

Mwezi Januari 1958, katika mkutano wa Tabora, TANU iliamua kushiriki katika uchaguzi ule ule ulioupinga. Uchaguzi ulifanywa Septemba 1958 na Februari 1959, na Nyerere akachaguliwa kuwa mjumbe wa Jimbo la Mashariki. Mwaka 1959 wajumbe watano waliochaguliwa walipewa uwaziri: Derek Bryceson, Amir Jamal, Solomon Eliufoo, George Kahama na Chifu Abdallah Fundikira. Nyerere hakuwa miongoni mwao. Alibaki nje ya Serikali, akawaongoza wajumbe waliochaguliwa. Hapana shaka kulikuwa na hesabu ya kisiasa katika uamuzi huo, kwa maana aliyebaki nje aliweza kudai mambo makubwa zaidi. Walakini kulikuwa pia na funzo la kanuni. Wenzake watano walikuwa wamehamia upande wa kujibu; ilipasa mtu abaki upande wa kuuliza. Katika kiti hicho, mwezi Oktoba 1959, alitoa hotuba yake mashuhuri kuhusu mwenge wa Kilimanjaro, na kabla ya mwaka kwisha Gavana Richard Turnbull akatangaza kwamba Tanganyika ingepewa serikali ya madaraka mwaka 1960.

Mwezi Septemba 1960 Nyerere alihamia kiti cha kujibu, kwanza akiwa Waziri Kiongozi, kisha Waziri Mkuu. TANU ilikuwa imepata viti 70 kati ya 71. Jaribio lake kubwa lilikuja mwezi Oktoba 1961, ulipojadiliwa muswada wa uraia. Baadhi ya wajumbe wa chama chake, miongoni mwao Christopher Kasanga Tumbo, walitaka uraia ufuate rangi ya mtu. Nyerere alikataa kwa ukali, akasema kwamba Serikali yake ingejiuzulu kama muswada ungekataliwa. Muswada ukapita. Hapa tunamwona mtu yule yule wa mwaka 1957 akitumia silaha ile ile kutoka upande wa pili: anayejibu aliweka kiti chake mezani, akawaachia wanaouliza waamue. Naamini siku ile ilikuwa mojawapo ya siku za fahari kubwa katika historia ya mabaraza yetu, kwa sababu matokeo yake yangeweza kuwa mengine.

Baada ya hapo mambo yalianza kubadilika. Mwaka 1962 ilipitishwa sheria iliyoruhusu mtu kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa, na mwezi Desemba mwaka huo Nyerere akawa Rais wa Jamhuri. Mwaka 1964 Tumbo, aliyekuwa amekwisha kuunda chama chake, aliwekwa kizuizini. Mwaka 1965 Katiba ya Muda iliifanya nchi kuwa ya chama kimoja, TANU kwa Bara na Afro-Shirazi kwa Zanzibar.

Nyerere alitetea mfumo huo kwa kukumbusha desturi za Kiafrika: wazee hukaa chini ya mti, huzungumza mpaka wakapatana. Mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki aliijua desturi hiyo kwa macho yake, na hoja yake haikuwa upuuzi. Uchaguzi wa mwaka 1965 ulionyesha kwamba chama kimoja hakikuwa kimya kabisa. Wagombea wawili walishindana katika sehemu nyingi, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba, na mawaziri wawili, Paul Bomani akiwa mmojawapo, wakashindwa. Mwaka 1966 ikaundwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, iliyopokea malalamiko ya raia dhidi ya maofisa. Mwaka 1967 Azimio la Arusha likawakataza viongozi, wabunge wakiwamo, kuwa na hisa katika makampuni, kupokea mishahara miwili, au kupangisha nyumba.

Lakini desturi ya wazee chini ya mti ilikuwa na sharti ambalo hoja ile haikulitaja. Katika kijiji, mwenye kutumia na mwenye kuuliza huonana kila siku. Ghala la kila mtu linajulikana. Ng'ombe wa kila mtu wanahesabika wakirudi jioni. Hesabu hutolewa hata kabla ya swali. Katika dola la mamilioni ya watu, ghala ni daftari, na daftari liko katika ofisi iliyo mbali. Hapo hapana budi awepo mtu ambaye kazi yake ni kulifungua daftari hilo, na ambaye riziki na cheo chake havitegemei aliyeliandika. Makubaliano hayawezi kuchukua mahali pa ukaguzi.

Mwaka 1968 wabunge kadhaa walifukuzwa katika TANU, na kwa kufukuzwa huko wakapoteza viti vyao Bungeni, ingawa waliowachagua hawakuulizwa. Kuanzia hapo kila mbunge alijua mpaka wa swali lake. Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana mjini Musoma, ikatoa azimio linalojulikana kwa jina la mji huo, la kuharakisha elimu ya msingi kwa watoto wote na kubadili masharti ya kuingia chuo kikuu. Lengo lilikuwa tukufu, na watoto wengi walipata kusoma kwa sababu yake. Walakini lilikuwa jambo lenye gharama kubwa kwa taifa zima, na mahali lilipoamuliwa palikuwa kikao cha chama. Mwaka uliofuata Katiba ilirekebishwa, ukuu wa chama ukaandikwa waziwazi. Kamati ya hesabu iliweza kuuliza kama shilingi ilitumika kama ilivyoidhinishwa. Swali la kama ilistahili kuidhinishwa lilikuwa limekwisha jibiwa kwingine.

Si haki kusema kwamba Nyerere alifanya hayo kwa tamaa ya mali. Maisha yake na nyumba yake ya Butiama ni ushahidi wa kinyume. Mwaka 1966 alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na baadaye alikiri kwamba Katiba ilimpa madaraka ya kutosha kuwa dikteta. Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Uadilifu wa mtu ulikuwa umechukua mahali pa kanuni, na uadilifu haurithiwi pamoja na ofisi. Alipong'atuka mwaka 1985 madaraka yale yalibaki pale pale, na hapakuwa na muulizaji aliyezoea kuuliza.

Warioba alikua katika mfumo huo. Alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kisha waziri, na kuanzia mwaka 1985 hadi 1990 alikuwa Waziri Mkuu, yaani mtu ambaye kila swali la Bunge humfikia. Mwaka 1995, katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya kurejeshwa mwaka 1992, alishindwa huko Bunda na Stephen Wassira aliyesimama kwa chama cha NCCR-Mageuzi. Baadaye mahakama iliyabatilisha matokeo hayo. Mwaka 1996 Rais Benjamin Mkapa alimpa uenyekiti wa tume ya kuchunguza rushwa, na ripoti ya tume hiyo ikaeleza jinsi rushwa ilivyoenea katika idara za Serikali. Tangu hapo jina lake limekuwa kama jina la ripoti yenyewe.

Kazi yake iliyo karibu zaidi na mada yetu ni ya miaka ya 2012 hadi 2014, alipoongoza Tume ya Mabadiliko ya Katiba. Watu wengi wanaikumbuka rasimu ya tume hiyo kwa pendekezo la serikali tatu, na kelele za pendekezo hilo zilifunika mengine. Rasimu ilitaka mawaziri wasiwe wabunge. Ilitaka Spika asitoke miongoni mwa wabunge. Ilitaka ubunge uwe na ukomo wa vipindi vitatu, na wapiga kura waweze kumwondoa mbunge wao kabla ya muda kwisha. Mapendekezo haya yana shina moja: anayejibu asikae kati ya wanaouliza, na anayeuliza naye awe na wa kumwuliza. Jambo ambalo Nyerere alilitenda kwa hiari mwaka 1959, alipobaki nje ya uwaziri, Warioba alitaka liwe sharti kwa kila mbunge.

Warioba aliiwasilisha rasimu mbele ya Bunge Maalum mwezi Machi 2014. Wengi wa wajumbe wake walikuwa wabunge, na ilikuwa taabu kuwataka watu wafupishe kamba wanayolishia. Katiba Inayopendekezwa iliyopitishwa mwezi Oktoba 2014 haikuyahifadhi mapendekezo hayo, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa.

Katiba ya mwaka 1977 inalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Inamtaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ampe Rais ripoti yake, na Rais aifikishe Bungeni. Njia ya hesabu imekwisha chorwa. Lakini waziri angali akitoka katika viti vile vile vya wabunge, na mbunge anayetumaini uwaziri humwuliza waziri wa leo huku akimtazama aliye na uwezo wa kumteua kesho. Hatuwezi kumlaumu sana mwanadamu kwa kutazama huko. Twaweza kuilaumu sheria inayomweka hapo.

Msafiri atokaye Musoma kwenda Bunda hupita karibu na njia iendayo Butiama. Ni mwendo mfupi, lakini kati ya funzo la Butiama na funzo la Bunda umepita umri wa mtu mzima. Funzo la kwanza ni kwamba mtu mmoja mwenye ujasiri aweza kuuliza hata bila nguvu. Funzo la pili ni kwamba taifa lisingoje mtu wa namna hiyo azaliwe, bali liweke kiti ambacho hata mtu wa kawaida akikikalia ataweza kuuliza bila hofu. La kwanza tumelisifu kwa hotuba na sanamu. La pili bado linatudai.